Kadi ya Chanjo ya Binti Yako Itunze Hadi Awe Mama

Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 walichanjwa wa miaka 9 hadi 14, na sindano moja inatosha. Sindano hiyo moja ilichunguzwa hapahapa nchini, Mwanza, katika utafiti wa wasichana 930. Haiharibu kizazi, inakilinda.

Mzazi wa hapa Kyela ana haki ya kuuliza: tutajuaje kama chanjo imesaidia? Kirusi hiki hupatikana kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikikaa, mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole, bila maumivu, na huweza kupita miaka 10 hadi 20 kabla ya saratani yenyewe. Ndiyo maana wataalamu hawasubiri kuhesabu wagonjwa wa saratani. Huangalia kwanza kama yale mabadiliko ya awali yanapungua. Australia ilianza kuchanja 2007, na haikupita miaka mingi yakapungua kwa wasichana wadogo. Uskoti ilitangaza mwaka 2024 kwamba kati ya waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13 hakuonekana hata mmoja mwenye saratani hiyo. Walijua kwa sababu chanjo iliandikwa, kipimo kikaandikwa, kisha maandishi hayo yakalinganishwa.

Hapo ndipo nyumba yako inapohusika. Aliyechanjwa 2018 akiwa na miaka 14 atatimiza 30, umri wa kuanza kupimwa, mwaka 2034. Huenda atakuwa ameolewa Tunduma au anauza mchele Mbeya, na muuguzi wa huko hamjui. Kadi ndiyo itakayomweleza. Mvua za kwetu na mafuriko hayana huruma na karatasi: ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iweke juu pamoja na cheti cha kuzaliwa, na uipige picha kwa simu.

Aliyechanjwa naye apimwe umri ukifika, kwa kuwa chanjo inazuia hasa aina za kirusi zinazoleta takribani saratani 7 kati ya 10. Na wewe mama wa miaka 30 hadi 50 usiyechanjwa, usingoje binti: nenda upimwe. Mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi. Palipobadilika huwa peupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi. Amwulize mhudumu wa kliniki yake.

Kadi ikipotea, binti aende apimwe vilevile, akitaja shule na mwaka aliochanjwa.