Kufundisha Rejista ya Kontena: Lebo na Dijesti

Matumizi ya kontena, yaliyoenea tangu Docker ilipotolewa mwaka 2013, aghalabu hufundishwa kwa amri tupu. Mwanafunzi hukariri namna ya kupakia na kupakua taswira, asijue kilichomo ghalani. Twapendekeza mwalimu aanzie ghalani.

Jina la ghala hilo, rejista, huweza kupotosha. Mwanafunzi aliyezoea kuitwa jina kila asubuhi hudhani kuwa ni orodha tu, hali rejista hii huhifadhi vitu vyenyewe. Taswira ni furushi la programu na vyote inavyohitaji ili iendeshwe, nalo limegawanywa katika matabaka. Huambatana na manifesti, yaani hati inayotaja matabaka yanayoiunda. Taswira mbili zikichangia tabaka la msingi, ghala hulihifadhi mara moja tu. Wanafunzi wapakie taswira mbili za namna hiyo kwa jina moja na lebo mbalimbali. Katika upakiaji wa pili wataarifiwa kwamba tabaka la msingi limekwisha kuwapo.

Jambo zito ni tofauti ya lebo na dijesti. Lebo, kama vile 1.0, ni jina alichagualo mwenye taswira, naye kwa kawaida aweza kulihamishia taswira nyingine wakati wowote. Hata lebo ya latest haithibitishi upya wa kitu. Ndiyo itumikayo tu mtu asipotaja lebo. Dijesti haichaguliwi na mtu. Hukokotolewa kutokana na manifesti, kwa kawaida kwa kanuni ya SHA-256, ikaandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Programu ikibadilika herufi moja, dijesti nayo hubadilika.

Mwalimu na apakie programu ya kukokotoa wastani wa alama kwa lebo ya 1.0, nusu ya darasa waipakue. Kisha airekebishe ili igawanye kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa badala ya waliofanya mtihani, aipakie kwa lebo ile ile, nusu ya pili waipakue. Majibu yatatofautiana, na kila upande utashikilia kwamba unatumia 1.0. Ubishi huo usikatizwe mapema. Ukishapamba moto, waambiwe wasome dijesti zao. Kwa maoni yetu, mtihani wa vitendo unaotaja lebo peke yake hauwezi kusahihishwa kwa haki.

Zoezi hili lifanyike kwa rejista ya chuo chenyewe. Tangu mwaka 2020 Docker Hub huwawekea kikomo cha upakuaji wasioingia kwa akaunti, ikiwahesabu kwa anwani ya mtandao. Na chuo kitokacho kwa anwani moja huhesabiwa kama mtu mmoja. Programu ya rejista hupatikana bure, na kwa kawaida husikiliza katika mlango namba 5000. Kompyuta iliyowekewa rejista huipokea bila shida, lakini Docker katika kompyuta nyingine huikataa mpaka iwe na cheti cha usalama au iruhusiwe katika mipangilio ya kila mashine. Kazi hiyo ifanywe siku moja kabla ya kipindi.