Kutayarisha Ukuta Mpya wa Jipsamu kwa Karatasi

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hudhani kuwa kubandika karatasi ukutani ni kazi ya gundi na brashi tu. Mimi nami nilidhani hivyo, na ujinga wangu ulimpotezea mjomba wangu ujira wake. Napenda kuwaeleza niliyojifunza, ili mwingine asipatwe.

Kwanza tuujue ukuta wenyewe. Bodi ya jipsamu ni jasi iliyogandishwa kati ya karatasi mbili nene, moja mbele na moja nyuma. Augustine Sackett wa Marekani alipata hataza ya bodi za jasi na karatasi mwaka 1894. Jasi huchimbwa hata kwetu Tanzania, kama kule Makanya wilayani Same. La kukumbuka ni hili: uso wa bodi ni karatasi, nao hunywa maji.

Likizo moja nilimsaidia mjomba, aliye fundi rangi, kubandika karatasi katika sebule mpya. Mwenye nyumba alikuwa na harusi, akatuhimiza. Mjomba alitaka kununua praima, nami nikamwambia, "Mjomba, ya nini hiyo, nayo itafunikwa?" Akanisikiliza. Karatasi ilipendeza sana. Mwaka uliofuata mwenye nyumba alitaka kuibadilisha. Tuliilowesha na kuikwangua, ikatoka pamoja na ngozi ya bodi, jasi nyeupe ikabaki wazi ikimomonyoka. Bodi mpya alinunua mjomba kwa fedha yake.

Basi kazi yafaa ifuate taratibu hii:

1. Skrubu. Pitisha skrepa juu ya ukuta. Ikigonga kichwa cha skrubu, kikaze kwa bisibisi mpaka kizame kidogo, ila kisitoboe karatasi ya bodi. Kikiitoboa, tia skrubu nyingine karibu yake.

2. Maungo. Paka fila penye maungo ya bodi, laza utepe wa karatasi juu yake, kisha ubane kwa skrepa ili pumzi isibaki ndani. Ikikauka, paka mara ya pili na ya tatu, kila mara kwa upana zaidi, hata mpako wa mwisho ufikie kama sentimita 30. Vichwa vya skrubu navyo vifunikwe. Kila mpako wataka kukauka kabisa, mara nyingi siku nzima, na wakati wa masika huenda zaidi.

3. Msasa. Tumia msasa laini, wala usikazanie karatasi ya bodi ikaota manyoya. Funga kitambaa puani, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu. Kisha weka taa ubavuni mwa ukuta: kila bonde na kila kilima vitaonyesha kivuli. Mwisho futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

4. Praima. Chagua ile iliyotengenezwa kwa kuta za kubandikwa karatasi, upake ukuta wote, pembeni kwa brashi na katikati kwa rola. Ina kazi mbili. Kwanza, huzuia bodi na fila zisinywe maji ya gundi upesi, nawe wapata nafasi ya kusogeza karatasi mpaka ikae sawa. Pili, hukaa kati ya karatasi na ngozi ya bodi, ili siku ya kubandua karatasi itoke na ngozi ibaki. Ngojea ikauke kama ilivyoandikwa kwenye kopo.

5. Timazi. Pembe za nyumba si zote zilizonyooka. Tundika timazi, piga mstari kwa penseli, na karatasi ya kwanza iufuate mstari huo. Ya kwanza ikipinda, zote zitapinda.

Mjomba hakunigombeza. Bodi mpya zilipokwisha kupigwa, alinipa kopo la praima na rola, akaketi kunitazama. Nilipaka ukuta wote, na pembe nikazirudia mara mbili.