Pasaka ni Kugeuka

Somo: Yohana 20:11–18, 2 Wakorintho 5:14–15

Wanachuo wenzangu, Pasaka iliyopita nilipanda treni kwenda kwa bibi, Goweko, nikiwa na siri. Wiki ile bumu lilikuwa limeingia. Mwenzangu wa chumbani, ambaye lake lilichelewa, aliniomba elfu ishirini ya kula. Nikamjibu, "Kaka, hata mimi nimeishiwa." Uongo mtupu. Hela ilikuwepo, naitunza ya simu mpya.

Sisi ni Wamoraviani, na kwetu Pasaka huanza makaburini. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Unyamwezini Wamoraviani waliipokea misheni ya Urambo mwaka 1898. Basi bibi aliniamsha gizani, "Mwangaluka, mjukuu wangu," tukaenda kusimama kati ya makaburi tukingoja jua. Ndipo likasomwa somo la Mariamu Magdalena. Nimelisikia tangu utotoni, ila siku hiyo nilinasa neno moja linalotajwa mara mbili: akageuka.

1. Anayejitazama haoni. Kulia kwa Mariamu si dhambi. Lakini alipokuwa bado ameelekea kaburini, hata Yesu alipogeuka kumwona alimdhania mtunza bustani. Mimi nami nilikuwa nimeelekea mfukoni mwangu. Rafiki mwenye njaa nikamwona msumbufu.

2. Anayeita ni Mungu. Mariamu alimtambua Bwana alipoitwa kwa jina lake. Toba si ujanja wetu wa kujirekebisha, ni kuitikia. Jina lako likiitwa alfajiri, huwezi kujifanya umelala.

3. Aliyegeuka hutumwa. Mariamu hakuachwa amshike Bwana awe wake peke yake. Aliambiwa aende kwa ndugu. Paulo naye anasema Kristo alikufa ili walio hai wasiishi kwa ajili ya nafsi zao. Kumgeukia Mungu na kumgeukia jirani ni safari moja.

Hapa Tabora tunaijua mizigo. Kwenye njia ya misafara, kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa, mtu mmoja zaidi ya kilo 30. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni mwepesi kwa sababu hauko begani kwako. Msalaba wa Kristo unaikataa methali hiyo: mzigo wetu aliubeba yeye, na haukuwa usufi.

Siku ya kuondoka bibi alinifungia karanga na matobolwa. "Mgawane na mwenzako," akasema. Sikuwa nimemwambia lolote. Pale stesheni, kabla treni haijafika, nilituma ile hela kwa simu na ujumbe: "Nilikudanganya. Hela ilikuwepo. Nisamehe."

Jibu lilikuja baada ya saa mbili, neno moja tu: "Nilijua."

Alijua, na bado usiku ule wa njaa aliniachia taa niwashe nimalizie kazi yangu ya darasa. Ndugu msomaji, sisi tunaojiandaa kuwa walimu tutafundisha nini kama hili hatujajifunza?

Maswali ya kujadili
1. Wewe umeelekea wapi sasa hivi: kaburini, mfukoni, au kwa Bwana?
2. Nani aliyekuomba kitu muhula huu ukamwambia huna?
3. Utamwambia ukweli lini?