Somo la Wanachama: Kutafuta Soko kwa Mtandao ni Kazi, Si Mchezo



Wazee wengi wametuuliza swali moja: "Mwanangu amemaliza skuli, na kutwa ameinamia simu. Je, katika simu ile mna riziki?" Jibu letu ni kwamba riziki imo, lakini haipatikani kwa kuinama tu. Huipata yule anayeijua mali, anayesema kweli juu yake, na anayeweka hesabu. Somo letu la safari hii ni kueleza kazi hiyo ni nini, na kijana hujifunzaje mpaka ikawa kazi ya maisha yake.

Mfano wetu hatuuchukui hapa visiwani. Twaenda nao mpaka wilaya za Karagwe na Kyerwa, katika Mkoa wa Kagera. Sababu ni mbili. Kwanza, wenzetu wa huko hutegemea kahawa kama sisi tunavyotegemea karafuu, na shida zao twazijua. Pili, huko si ugenini kabisa. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Unguja na Mrima walifika Karagwe kwa misafara, wakawa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika. Habari ya bei ya pembe ilitoka pwani kwa miguu ikachukua miezi kufika, na aliyeipata kwanza ndiye aliyefaidi. Leo habari hufika kwa dakika, lakini jambo lenyewe halikubadilika. Mwenye habari hufaidi, na asiyekuwa nayo huuza kwa hasara.

SHIDA ILIYOPO

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipofanywa wilaya mbali mwaka 2012. Imepakana na Uganda na Rwanda. Kahawa ya huko zaidi ni robusta. Mkulima huichuma, huianika mpaka ikauka na maganda yake, kisha huipeleka katika chama cha msingi. Vyama hivyo viko chini ya chama kikuu cha ushirika, KDCU, na kahawa huuzwa kwa mnada. Katika misimu ya karibuni minada hiyo imefanywa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambamo wanunuzi huweka bei zao bila ya kuonana uso kwa uso.

Lakini uko ugonjwa wa siku nyingi, nao huitwa butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya mtoto au gharama ya matibabu huuza kahawa yake ingali maua, au ingali mbichi mtini, kwa bei aitakayo mnunuzi. Msimu ukifika, jasho ni lake na mali si yake. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo, lakini haja haipigwi marufuku. Pia huko kuna magendo ya kuvusha kahawa mpakani usiku. Ndugu wanachama, nani kati yetu asiyejua habari ya kukodisha mikarafuu kabla ya wakati, au ya jahazi linaloondoka gizani?

Tufanye hesabu, kwa mfano tu, wala si bei ya leo. Tuseme mkulima ana kilo 300 za kahawa ya maganda. Kwa butura amelipwa Sh. 1,500 kwa kilo, yaani Sh. 450,000. Mnadani bei ikatoka Sh. 4,000, yaani Sh. 1,200,000. Amepoteza Sh. 750,000 kwa sababu ya miezi michache ya ukata.

Kijana mwenye simu hawezi kumkopesha mkulima huyo. Lakini aweza mambo mawili. La kwanza ni kumfikishia bei ya mnada kabla mnunuzi wa butura hajabisha hodi. Redio ya jamii ya FADECO, iliyoanzishwa Karagwe na Bwana Joseph Sekiku, ilionyesha njia hii mapema kwa kuwapa wakulima habari za kilimo na soko. La pili, nalo ndilo kubwa, ni kuitafutia soko mali nyingine ya shamba, ili nyumbani ipatikane fedha katika miezi isiyo ya mavuno. Mwenye fedha ndogo ya kila mwezi hauzi maua.

MALI GANI ITANGAZWE

Hapa twaonya mapema. Kahawa ya maganda ina njia yake kwa sheria, kama karafuu zetu zilivyo na ZSTC. Kijana akitangaza kuuza mali mbichi kwa mlango wa nyuma, hafanyi kazi tunayoisema. Yeye atangaze mali iliyotengenezwa na kuruhusiwa, kama vile kahawa iliyokaangwa na kusagwa, asali, maharage, na ndizi zilizokaushwa.

Tutazame ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda. Mwaka 1999 huko Brazil yalianza mashindano ya kahawa yaitwayo Cup of Excellence. Waonjaji huchagua kahawa bora, nayo huuzwa kwa mnada wa intaneti. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuyaingia, mwaka 2008. Kisha Mei 2020 balozi wa Rwanda nchini China, Bwana James Kimonyo, alitokea mtandaoni pamoja na muuzaji mashuhuri wa Kichina aitwaye Viya. Mifuko 3,000 ya kahawa, uzani wa tani 1.5, ikamalizika katika muda usiofika dakika moja.

Watu wengi wameisikia dakika ile, lakini hawakuisikia miaka iliyotangulia ya kuchuma nyekundu tupu, ya kuosha, ya kuonja na ya kufunga vizuri. Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema kilichofichwa nyuma ya vilima vya Karagwe hakijiuzi. Yataka mtu wa kukitoa hadharani, na kazi yake ndiyo hiyo.

JINSI YA KUJIFUNZA

1. Aijue mali kabla ya simu. Kijana na akae msimu mzima na wakulima. Ajue kwa nini kahawa huchumwa ikiwa nyekundu, kwa nini huanikwa juu ya vichanja wala si juu ya udongo, na ladha huharibikaje ikifungwa haijakauka. Ajue pia mila yake. Katika mkoa huo mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa kwa ustadi. Mnunuzi wa mbali hupenda kusikia habari kama hizo, nazo hazisemwi vizuri ila na mtu aliyekuwapo.

2. Achague mahali pa kusemea. WhatsApp yafaa kwa watu wanaojuana na kwa wanunuzi wa kila mwezi, na ile ya biashara ina nafasi ya kuweka orodha ya bidhaa na bei bila malipo. Facebook ina watu wazima wengi, na wenyeji wa Kagera walioko Dar es Salaam na nchi za nje. Instagram na TikTok hutaka picha na video fupi. Asianze zote kwa pamoja. Mwenye shamba moja lililopaliliwa hupata kuliko mwenye manne yenye magugu.

3. Picha iwe ya kweli. Apige asubuhi au alasiri, kwa mwanga wa jua, asiongeze rangi kwa mashine. Apige mali ile ile itakayotumwa. Njia ya mwongo ni fupi, na katika mtandao ni fupi zaidi, kwani mteja mmoja aliyedanganywa huwaambia mia.

4. Maneno yawe kamili. Tangazo lisilo na bei wala uzani ni mzaha. Aandike ni mali gani, imetoka kijiji gani, imekaangwa lini, mfuko una gramu ngapi, bei ni kiasi gani, mteja hulipaje, na mzigo utapelekwa kwa njia gani na kwa siku ngapi. Akisema siku 4, ziwe 4. Basi likiharibika njiani, yeye ndiye atangulie kumpigia mteja, asingoje kuulizwa.

5. Aweke daftari. Kila jioni aandike: wangapi wameuliza, wangapi wamenunua, wangapi wamerudi kununua tena, na fedha iliyoingia. Picha yaweza kupata alama 2,000 za kupendezwa na wanunuzi 6 tu. Nyingine yapata alama 40 na wanunuzi 15. Ya pili ndiyo iliyo bora. Alama za kupendezwa hazilipi ada ya skuli. Na katika hesabu zote, ile ya waliorudi ndiyo inayoonyesha kama kijana ana kazi ya kudumu au ana bahati ya siku moja.

6. Ajue sheria. Chakula kilichofungwa huko Bara chataka kibali na alama ya ubora ya TBS. Jina la biashara huandikishwa BRELA, na kodi ni TRA. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 yakataza kutangaza uongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yalinda habari za watu, kwa hiyo asitoe picha ya bibi kizee akianika kahawa bila ya ridhaa yake, wala asigawe namba za simu za wateja. Akitaka kutangaza habari za namna nyingine kama gazeti, aulize TCRA kwanza.

KWA UPANDE WA CHAMA

Sasa twasema na viongozi. Tusimwambie kijana, "Tutangazie, Mungu atakulipa." Mpimaji analipwa, mchukuzi analipwa, na huyu naye alipwe. Njia nzuri ni ujira mdogo wa mwezi pamoja na fungu katika mauzo yaliyokamilika, kwa mapatano ya maandishi. Kijana wa Nkwenda au wa Kayanga akiona kazi yake ina mshahara na heshima, hatakimbilia mjini kutafuta kazi ambayo ameiacha nyumbani.

Jambo jingine twalisema kwa sababu limetuuma wenyewe. Tuliwahi kumpa kijana kazi ya kutufungulia ukurasa, naye akaufungua kwa namba yake mwenyewe. Alifanya kazi vizuri. Tukamlipa leo, kesho tukamwahidi, mwisho akapata kazi pengine akaondoka, na ukurasa ukaondoka naye pamoja na wateja wote. Hatumlaumu. Kosa lilikuwa letu mara mbili: hatukulipa kwa wakati, wala hatukuandikisha ukurasa kwa namba ya chama. Basi namba iwe ya chama, neno la siri lijulikane na watu wawili, mwandishi na mshika fedha, na fedha za wateja ziingie katika hesabu ya chama, wala si katika simu ya mtu.

Na wazazi nao tuna neno kwao. Mtoto akiomba fedha za bando, msimfukuze, wala msimpe kiholela. Mwulizeni: "Wiki iliyopita umeuza nini? Nionyeshe daftari." Mwenye daftari hupewa. Asiye nalo aende shamba kwanza akaijue mali, kisha arudi.

Haya si ya Karagwe na Kyerwa peke yake. Sisi pia tuna asali ya mashambani, tuna viungo, tuna sabuni zinazotengenezwa na akina mama wetu. Na sisi pia tuna miezi mirefu baina ya msimu na msimu, ambayo ndiyo huwafanya watu kukodisha mikarafuu kwa bei ya huruma. Kijana mmoja aliyefunzwa vizuri katika kila tawi aweza kuifupisha miezi hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

(a) Butura ni nini, na kwetu hufanana na jambo gani?
(b) Kwa nini mali mbichi isitangazwe kwa mlango wa nyuma?
(c) Kijana ameleta alama 2,000 za kupendezwa na wanunuzi 6. Mtamwambia nini?
(d) Ukurasa wa tawi lenu umeandikishwa kwa namba ya nani? Kama hamjui, ulizeni leo hii.
(e) Mtaweza kumlipa kijana kiasi gani kwa mwezi, na fedha hiyo itatoka fungu gani?

Katibu wa kila tawi aandike majibu ya swali la (d) na la (e), ayalete katika mkutano ujao. Majibu ya hayo mengine yabaki kwenu, myafanyie kazi.