MOYO KWENDA MBIO BAADA YA UPASUAJI



Somo letu la leo linahusu moyo wa mtu aliyefanyiwa upasuaji. Mtu amepasuliwa hospitali, ameruhusiwa, amerudi nyumbani. Kidonda kinaonekana kizuri. Lakini akisimama kidogo, moyo unamwenda mbio. Usiku anausikia ukidunda mpaka masikioni. Je, huo ni uchovu tu, au ni hatari? Tujifunze.

Tuchukue mfano

Tuseme mama mmoja wa Kabungu amejifungua kwa upasuaji huko Mpanda. Siku ya tano amerudi nyumbani. Siku ya tisa anamwambia mama mkwe wake, "Mama, moyo unanienda mbio na macho yanaingia giza." Mama mkwe anamjibu, "Ni mawazo hayo, mwanangu. Kunywa uji ulale." Jirani anasema ni mapepo, aitwe mganga. Mume yuko shambani, anavuna tumbaku.

Watu wote hawa wanampenda mgonjwa. Lakini hakuna aliyeshika mkono wake na kuhesabu mapigo ya moyo. Siku zinapita, na ugonjwa unakua ndani kwa ndani. Mama wa namna hii anaweza kupoteza maisha, akaacha mtoto mchanga.

Kwa nini moyo unakwenda mbio?

Moyo una kazi ya kusukuma damu iende mwili mzima. Mfikirie mtu anayejaza pipa la maji. Akiwa na ndoo kubwa, safari chache zinatosha. Akiwa na kopo dogo, atakwenda na kurudi mara nyingi, tena mbiombio. Moyo nao ni hivyo. Damu au maji yakipungua mwilini, moyo hupiga mara nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike.

Sababu zinazojulikana ni hizi:

1. Damu kupungua. Damu hutoka wakati wa upasuaji. Pengine inaendelea kutoka baadaye, nje au ndani ya tumbo.
2. Maji kupungua mwilini. Mgonjwa hanywi vya kutosha, au anatapika na kuharisha. Akitapika sana hupoteza pia chumvi ambazo moyo unazihitaji ili upige sawasawa.
3. Homa. Kidonda kimeingia vijidudu, au mgonjwa ana malaria. Joto la mwili likipanda, moyo nao huongeza mwendo.
4. Damu kuganda mguuni. Mtu akilala siku nyingi bila kutembea, damu inaweza kuganda kwenye mguu. Bonge la damu hiyo likisafiri mpaka kwenye mapafu, linaweza kuua ghafla.
5. Maumivu, hofu, kahawa, chai kali na tumbaku. Haya nayo huharakisha moyo.

Upasuaji wowote unaweza kuleta hali hii, uwe wa uzazi, wa ngiri au wa kidole tumbo. Siku hizi katika hospitali kubwa, kama Mloganzila jijini Dar es Salaam, upo pia upasuaji wa kupunguza uzito. Tumbo la chakula hufanywa dogo. Mtu huyo hawezi kunywa maji mengi kwa mara moja, kwa hiyo maji humpungukia upesi na moyo ukaanza kwenda mbio. Yeye hunywa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na humeza vidonge vya vitamini alivyoandikiwa.

Namna ya kuhesabu mapigo

Kazi hii haihitaji daktari. Wewe unayejua kusoma namba unaiweza.

- Mgonjwa apumzike kwanza, akiwa amekaa au amelala, kwa dakika tano.
- Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, chini ya kiganja, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lako, maana nalo lina mapigo yake.
- Tazama saa, au saa ya simu. Hesabu mapigo kwa dakika moja nzima.
- Andika namba hiyo kwenye daftari, pamoja na siku na saa.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Mgonjwa akisimama ghafla baada ya kulala, mapigo huongezeka kwa muda mfupi. Basi ainuke polepole: kwanza akae kitandani, kisha asimame. Lakini akiwa amepumzika na mapigo bado yanazidi 100, hesabu tena baada ya robo saa. Yakiwa bado juu, mpeleke zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Dalili za hatari

Usihesabu tena wala usingoje kesho kama moyo unakwenda mbio na mgonjwa ana dalili moja kati ya hizi:

- kifua kinauma au pumzi zinakata;
- ameanguka au amezimia;
- damu inatoka nyingi, hata kitambaa kinalowa chote katika muda wa saa moja;
- ana homa, au kidonda kinatoa usaha na kunuka;
- mguu mmoja umevimba na unauma;
- viganja na midomo imekuwa myeupe.

Mgonjwa huyo apelekwe hospitali mara moja, na asisafiri peke yake. Chukueni karatasi alizopewa hospitali pamoja na lile daftari la mapigo. Akiwa ni mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, piga simu namba 115 ya mpango wa M-Mama. Simu hiyo haina malipo.

Kumtunza mgonjwa nyumbani

Mpe maji yaliyochemshwa, mara kwa mara. Mkojo wake ukiwa mchache na wa rangi nzito, bado hajanywa vya kutosha. Akiharisha, mpe dawa ya pakiti ya kuongeza maji mwilini, ikorogwe kama pakiti inavyoeleza.

Mpe vyakula vya kuongeza damu: dagaa wa Ziwa Tanganyika, maini, maharage, matembele na kisamvu. Machungwa na mapera husaidia mwili kupata nguvu ya vyakula hivyo. Kama ameandikiwa vidonge vya kuongeza damu, asivimeze kwa chai, maana chai huvipunguzia nguvu. Avimeze kwa maji.

Atembee kidogo kila siku kama alivyoelekezwa, ili damu isigande miguuni. Mzigo, jembe na ndoo ya maji vibebwe na wengine, mume akiwa wa kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara ngapi kwa dakika?
2. Taja dalili tatu za hatari.
3. Hapa kijijini kwenu, mgonjwa akizidiwa usiku, atapelekwa kwa chombo gani? Kubalianeni leo, kabla mgonjwa hajazidiwa.

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma. Kisha shika mkono wake, mjifunze kuhesabu pamoja.