Kompyuta Inapobisha Hodi: Maombi ya Ruhusa na Namna ya Kuyashughulikia

Utangulizi

Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu, ni mji ulio kandokando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Ichukuliwe kwamba mwalimu mmoja wa sekondari mjini hapo anayo kompyuta nyumbani kwake. Mchana huitumia kuandaa mitihani na kujumlisha alama. Jioni watoto huitumia kwa masomo na michezo. Na mwisho wa juma jirani huja na flashi yake ili achapishe barua. Kila mara kazi inapoanza, kiwambo hufifia ghafla, na kisanduku hutokea kikiuliza iwapo programu fulani iruhusiwe kufanya mabadiliko katika kompyuta. Siku za mwanzo mwalimu husoma. Baada ya juma moja hasomi tena. Kidole hubonyeza "Ndiyo" kabla jicho halijafika kwenye maandishi. Baada ya mwezi mmoja mwalimu huanza kutafuta njia ya kuliondoa swali hilo kabisa.

Makala haya yanaeleza swali hilo linatoka wapi, kwa nini huulizwa mara nyingi, na namna ya kulipunguza bila kuiacha nyumba wazi.

Asili ya ulinzi huu

Programu yoyote inayoendeshwa katika kompyuta hurithi uwezo wa mtu aliyeiendesha. Mtu huyo akiwa na uwezo wa kufuta diski nzima, programu nayo ina uwezo huo, hata kama kazi yake ni kucheza muziki tu. Kwa sababu hiyo wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, katika makala yao ya mwaka 1975 kuhusu ulinzi wa habari ndani ya kompyuta, walisisitiza kanuni ya uwezo mdogo: kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo unaotosha kazi yake tu, wala si zaidi. Katika makala hayo hayo waliweka kanuni nyingine isemayo kwamba ulinzi hauna budi kuwa mwepesi kutumika, ili watu wautumie ipasavyo kila siku pasipo kutaabika. Kanuni hizi mbili ndizo zinazovutana katika jambo linalozungumzwa hapa.

Nchini Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ilipokwisha kuondolewa na kompyuta zikaanza kuingia majumbani, nyingi zilikuwa na mifumo isiyotofautisha mwenye nyumba na mgeni. Windows 95 na Windows 98 ziliiachia kila programu kufanya itakalo. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na akaunti za ngazi mbalimbali, lakini mtumiaji wa kwanza wa nyumbani alipewa moja kwa moja mamlaka ya msimamizi. Virusi vilivyoingia kupitia kwake navyo vikapata mamlaka hayo.

Mnamo Januari 2007 kampuni ya Microsoft ilianza kuwauzia watumiaji wa nyumbani Windows Vista, ambayo ndani yake mlikuwa na udhibiti wa akaunti ya mtumiaji. Tangu hapo msimamizi anapoingia katika kompyuta hupewa vitambulisho viwili: kimoja cha raia wa kawaida, na kingine cha msimamizi. Programu zote huendeshwa kwa kitambulisho cha kwanza. Programu ikitaka kugusa mambo ya kompyuta nzima, kwa mfano kusakinisha programu nyingine au kuandika katika folda za mfumo, hulazimika kubisha hodi ili itumie kitambulisho cha pili. Kufifia kwa kiwambo si urembo. Wakati huo kisanduku huwekwa mahali ambapo programu nyingine haziwezi kufika, ili programu hasidi isije ikajibonyezea "Ndiyo" yenyewe.

Kwa nini hodi zilizidi

Programu nyingi zilizokuwapo mwaka 2007 zilikuwa zimeandikwa na watu waliozoea kwamba mtumiaji daima ni msimamizi. Ziliweka mafaili yao ya kawaida katika folda za mfumo bila haja yoyote. Kwa hiyo zilibisha hodi kila zilipofunguliwa. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa na Microsoft mwaka 2008, katika miezi ya mwanzo ya Vista programu na kazi mbalimbali zipatazo 775,000 zilisababisha maombi ya ruhusa, na nusu ya vipindi vya matumizi vilikuwa na ombi moja au zaidi. Baadaye idadi ya programu hizo ilishuka hadi kufikia 168,000 hivi.

Kilichoshusha idadi hiyo hakikuwa watumiaji kuuzima ulinzi, bali waandishi wa programu kurekebisha kazi zao. Mwaka 2008, katika mkutano wa usalama wa kompyuta huko San Francisco, David Cross wa Microsoft alieleza waziwazi kwamba usumbufu ule ulikusudiwa: watumiaji wakikereka, waandishi wa programu wangelazimika kubadilika. Oktoba 2009 ilitoka Windows 7, iliyopunguza maombi na kumpa mtumiaji ngazi nne za kuchagua, kuanzia kuulizwa kila mara hadi kutoulizwa kabisa.

Funzo ni hili: ombi linalojirudia kila siku ni dalili ya kasoro iliyo mahali fulani. Tiba yake ni kuitafuta kasoro hiyo.

Hatari ya mazoea

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu ili kupambana na wezi wa ng'ombe. Yowe lilipopigwa usiku, kila mwanamume aliamka na silaha yake. Nguvu ya yowe ilitokana na uchache wake. Lau lingepigwa kila mbuzi alipokohoa, watu wangelala, na siku wezi wangefika zizi lingebaki tupu. Ombi la ruhusa nalo ni yowe. Likisikika mno, halisikiki tena.

Jambo hili laweza kuonyeshwa kwa hesabu. Ichukuliwe kwamba kompyuta hutoa maombi 10 kwa siku, yaani 70 kwa juma, na kwamba moja kati ya hayo ni la programu hasidi. Mtumiaji hana budi kulitambua ombi 1 kati ya 70. Kasoro zikirekebishwa hata maombi yakabaki 7 kwa juma, ombi baya litakuwa 1 kati ya 7. Hatari yenyewe haikupungua, lakini kuitambua kumekuwa rahisi zaidi.

Waandishi wa virusi wanayajua mazoea haya. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoanza kuenea Novemba 2008, kilisafiri pia kwa flashi. Flashi ilipochomekwa, kisanduku cha kawaida kilitokea na kuuliza mtumiaji angependa kufanya nini. Kirusi kilikuwa kimeongeza humo mstari wake chenyewe, wenye picha ya folda na maneno ya kufungua folda ili kuona mafaili. Aliyebonyeza hapo hakufungua folda, bali aliendesha kirusi. Aliyesoma kwa makini angeona kwamba mstari huo ulikuwa katika kundi la kuendesha programu, na kwamba mstari halisi wa kufungua folda ulikuwa chini yake.

Namna ya kukisoma kisanduku

Mswahili akibishiwa hodi huuliza "Nani?" kabla ya kusema "Karibu". Kisanduku cha ruhusa kina majibu ya swali hilo, nayo ni matatu.

Kwanza, jina la programu. Pili, mtoaji wake. Mtoaji aliyethibitishwa ni yule aliyetia sahihi ya kidijitali katika programu. Sahihi hiyo huharibika iwapo programu itabadilishwa hata kidogo. Katika Windows 10 na 11 ombi la namna hii huwa na rangi ya buluu. Rangi ya njano huonyesha kwamba mtoaji hajulikani. Tatu, mahali faili lilipotoka: katika diski ya kompyuta, katika flashi, au katika intaneti. Habari hii huonekana maelezo zaidi yanapofunguliwa.

Zaidi ya hayo kuna swali moja ambalo kisanduku hakiwezi kulijibu: je, mtumiaji amefanya jambo lolote sasa hivi linalohitaji ruhusa hiyo? Aliyeanza kusakinisha printa hutarajia hodi. Aliyekuwa akisoma barua tu hakuitarajia, na jibu lake liwe "Hapana". Jibu hilo haliharibu kitu. Kazi ikiwa halali yaweza kuanzishwa upya.

Kutafuta chanzo

Njia ya kisayansi ni kuandika kabla ya kutenda. Kwa muda wa juma moja kila ombi liandikwe katika daftari: tarehe, saa, jina la programu, mtoaji, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Mwisho wa juma aghalabu huonekana kwamba programu mbili au tatu ndizo zilizotoa maombi mengi. Hapo kila moja ishughulikiwe kwa chanzo chake.

(a) Programu ya zamani. Itafutwe toleo jipya kutoka kwa mtoaji mwenyewe. Wapo wanaoahirisha kazi hii kwa kuhofia kumaliza kifurushi cha intaneti, lakini toleo moja jipya laweza kuondoa mamia ya maombi.

(b) Programu iliyoamriwa iendeshwe daima kwa mamlaka ya msimamizi. Alama hiyo huwekwa katika sifa za programu, sehemu ya upatanifu. Iondolewe, kisha programu ijaribiwe. Ikifanya kazi, haikuhitaji mamlaka hayo.

(c) Programu inayojiwasha yenyewe kompyuta inapowashwa. Kama haina kazi ya lazima, iondolewe katika orodha ya zinazojiwasha.

(d) Mafaili yaliyonakiliwa kutoka kompyuta ya zamani. Huenda bado ni mali ya akaunti isiyokuwapo tena. Msimamizi abadili umiliki wa folda hizo mara moja, naye hataulizwa tena. Folda za mfumo zisiguswe.

(e) Programu isiyojulikana. Isiruhusiwe. Kompyuta ikaguliwe kwa programu ya kuzuia virusi, na programu hiyo iondolewe. Vifaa vya kufungulia programu za wizi vimo katika kundi hili; mara nyingi sharti lao la kwanza ni kwamba ulinzi uzimwe.

Kuzima maombi yote kwa kushusha kipimo hadi ngazi ya chini si tiba. Ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu bawaba zinalia.

Akaunti mbili

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika nyumba yenye watumiaji wengi, kila mmoja apewe akaunti ya kawaida, na msimamizi awe na akaunti yake yenye neno la siri. Hata mwalimu mwenyewe atumie akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Hapo ombi la ruhusa litadai neno la siri badala ya kubonyeza tu. Mtoto hawezi kusakinisha mchezo wa kubahatisha bila mzazi kujua, na mzazi naye hupata muda mfupi wa kufikiri anapoandika neno hilo.

Mipaka ya kinga hii

Ni kosa kudhani kwamba anayejibu "Hapana" amekingwa na kila kitu. Kinga hii hulinda mfumo. Hailindi mafaili ya mtumiaji dhidi ya programu ambayo mtumiaji mwenyewe ameiendesha. Virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fedha vyaweza kufunga mitihani na alama za wanafunzi bila kuomba ruhusa ya msimamizi, kwa kuwa mafaili hayo ni ya mtumiaji. Kwa hiyo nakala za kazi muhimu ziwekwe katika diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe nakala zikishakamilika.

Hali kadhalika mfumo wenyewe hauna budi kuwa unaotunzwa na watengenezaji. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta ya namna hiyo yampasa kupanga mabadiliko.

Hitimisho

Mwalimu wa Nyashimo hakuwa na kosa kwa kuchoka. Mashine inayouliza pasipo sababu humfundisha mtu kujibu pasipo kufikiri. Akiandika maombi yake kwa juma moja, akarekebisha programu mbili tatu na kutenganisha akaunti, hodi zitapungua. Zitakazobaki zitastahili kuulizwa: "Nani?"

Zoezi na maswali

1. Wanafunzi wenye simu za Android (toleo la 6.0 la mwaka 2015 au la baadaye) wafungue orodha ya ruhusa na kuchagua programu tatu. Kwa kila moja waandike ruhusa iliyonayo na waeleze kama kazi yake inaihitaji.

2. Visanduku vingi huandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu aandike maneno ya kisanduku kimoja ubaoni, na darasa liyafasiri kwa Kiswahili sanifu.

3. Kompyuta hutoa maombi 12 kwa siku. Programu moja husababisha robo tatu ya maombi hayo. Ikirekebishwa, yatabaki maombi mangapi kwa juma?

4. Kanuni ya uwezo mdogo na kanuni ya wepesi wa matumizi zinavutana. Taja mfano mmoja wa mvutano huo usiohusu kompyuta, kutoka shuleni au kijijini.