Kadi Mpya, Deni Lile Lile

Wanafunzi wa somo la biashara wataniwia radhi nikiwafundisha kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka jana kadi yangu ya mkopo ilipotea, benki ikanipa nyingine yenye nambari mpya. Hesabu za nyumbani mimi huziweka kwa kompyuta, katika programu iitwayo GnuCash. Basi nilipoingiza faili la benki, programu ikaniuliza nambari ile ngeni ni ya akaunti gani. Nami kwa haraka nikafungua akaunti mpya.

Lo! Deni la shilingi 84,000 likawa 168,000. Benki ilikuwa imehamishia manunuzi yote ya nyuma chini ya nambari mpya, nami nimeyaandika mara mbili. Kwa hofu nikaizuia karo ya mtoto wangu wiki nzima.

Angalieni sana hapa: nambari ni alama ya kadi tu, akaunti ndiyo deni lenyewe, nalo halikubadilika. Kwa bahati njema programu hiyo huweka nakala za nyuma zenye tarehe. Nilifungua ya kabla ya siku ile, nikaingiza faili tena, na safari hii nikachagua akaunti ya zamani. Yale yaliyokwisha kuandikwa programu iliyatambua kwa tarehe na kiasi, ikayaruka. Kisha nikaandika kwenye jina la akaunti tarakimu 4 za mwisho za kadi mpya.

Wale wanaokata fedha katika kadi kila mwezi ni shauri jingine. Hao yapasa kupewa nambari mpya mmoja mmoja. Karo niliipeleka Jumatatu.